Mtoto ni wa Nani? Masista wa Oregon mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 1925





Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa familia alinijia mlangoni mwa sakristia. Mwanawe wa darasa la sita alikuwa ameonywa shuleni kwa mara ya tatu, na katekista alikuwa amenieleza kwamba kijana huyo hajaonekana kwenye mafundisho ya Kipaimara tangu Kwaresima. Nilimwuliza baba huyo kwa upole analionaje jambo hilo. Akanijibu: “Padre, ada nimemaliza kulipa. Mtoto anaondoka alfajiri, anarudi jioni. Huyo sasa ni wa shule na wa serikali. Mimi nimebaki kumpa pa kulala tu.” Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kuutua mzigo chini na hana nguvu za kuuinua tena.

Sikuwa na muda wa kumjibu ipasavyo, maana watoto wa Ubatizo walikuwa wakinisubiri. Lakini maneno yake yamenikaa moyoni juma zima. Mtoto ni wa nani? Swali hili limepata kuulizwa mahakamani, tena mbele ya mahakama ya juu kabisa ya taifa kubwa, na walioliuliza walikuwa watawa wa kike. Naomba mnivumilie leo, niwasimulie kisa hicho cha Marekani, kisha turudi kwa baba yetu wa mlangoni.

Masista kumi na wawili

Oregon ni jimbo la magharibi mwa Marekani, linalotazamana na Bahari ya Pasifiki. Liliingia katika Muungano wa Marekani mwezi Februari 1859. Mwezi Oktoba mwaka huohuo waliteremka katika mji wa Portland masista kumi na wawili kutoka Quebec, Kanada. Walikuwa wa Shirika la Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, lililoanzishwa na Mama Marie-Rose Durocher, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1982. Novemba hiyohiyo walifungua shule ya Mtakatifu Maria wakiwa na wanafunzi sita tu. Mwaka 1880 shirika lao lilisajiliwa kwa sheria za Oregon, likapewa mamlaka ya kutunza yatima, kufundisha vijana na kuendesha shule. Kwa miaka zaidi ya sitini walifanya kazi hiyo bila kumsumbua mtu.

Ili tuelewe yaliyowapata, hatuna budi kukumbuka kwamba Wakatoliki wa Marekani hawakujenga shule zao kwa anasa. Shule za umma za karne ya 19 zilikuwa na roho ya Kiprotestanti: watoto wote walisoma Biblia kwa tafsiri ya Kiprotestanti, na mara nyingine vitabu vya kiada viliidhihaki imani ya wazazi wao. Mwaka 1844, mjini Philadelphia, ugomvi juu ya Biblia itakayosomwa na watoto Wakatoliki ulichangia kuzuka kwa ghasia zilizomwaga damu, na makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Augustino yakachomwa moto. Mwaka 1875 mwanasiasa James G. Blaine alipendekeza marekebisho ya Katiba ya kuzuia fedha za umma zisifike kwenye shule za madhehebu. Pendekezo lake lilipita katika Baraza la Wawakilishi, likashindwa katika Seneti mwaka 1876. Hata hivyo, majimbo mengi yaliandika makatazo ya namna hiyo katika katiba zao yenyewe.

Basi mwaka 1884 Maaskofu wa Marekani, wakiwa wamekutana katika Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, waliagiza kila parokia iwe na shule yake. Wahamiaji maskini kutoka Ireland, Ujerumani, Italia na Poland walitii. Walilipa kodi iliyoendesha shule za umma ambazo watoto wao hawakusoma, kisha wakatoa mifukoni mwao senti za kujenga shule ya parokia. Walilipa mara mbili kwa ajili ya mtoto mmoja. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Kura ya Novemba 1922

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliacha nchini Marekani hofu kubwa dhidi ya kila kilichonusa ugeni. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilipitisha sheria ya kukataza kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane. Wakati huohuo chama cha Ku Klux Klan, kilichofufuliwa mwaka 1915, kilienea kwa kasi. Chama hicho kiliwachukia watu weusi, Wayahudi, wageni na Wakatoliki. Kuanzia mwaka 1921 kilijipenyeza Oregon pia, jimbo ambalo Wakatoliki walikuwa wachache.

Oregon ilikuwa na utaratibu unaowaruhusu wananchi kupendekeza sheria kwa kukusanya saini, kisha kuipigia kura wao wenyewe bila kulingoja bunge. Kwa njia hiyo, muswada uliodhaminiwa na baadhi ya Wamasoni na kuungwa mkono na Klan ulifikishwa kwa wapiga kura tarehe 7 Novemba 1922. Uliwataka wazazi na walezi wa kila mtoto mwenye umri kati ya miaka 8 na 16 wampeleke katika shule ya umma. Misamaha ilikuwa michache sana. Mzazi atakayekaidi angetozwa faini ya dola 5 hadi 100, au kufungwa jela siku 2 hadi 30, na kila siku ya ukaidi ingehesabiwa kuwa kosa jipya. Kura za kuukubali zilikuwa 115,506, za kuukataa 103,685. Siku hiyohiyo Walter Pierce, aliyeuunga mkono muswada huo, alichaguliwa kuwa gavana. Sheria ilipangwa kuanza kutumika tarehe 1 Septemba 1926.

Sheria hiyo haikusema popote kwamba shule za Kanisa zifungwe. Haikuhitaji kusema. Ukiwaondoa watoto wote darasani, sista atamfundisha nani?

Haki inatudai tuseme pia kwamba si wote waliopiga kura ya ndiyo walikuwa na chuki. Wapo walioamini kwa moyo safi kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini, wa mwenyeji na wa mhamiaji, wakikaa kwenye dawati moja watajenga taifa moja. Hiyo si hoja ya kudharauliwa. Umoja wa taifa ni jambo jema. Kosa lilikuwa kudhani kwamba umoja unapatikana kwa kumnyang'anya mzazi mtoto wake, na kwamba wingi wa kura unaweza kuhalalisha unyang'anyi huo.

Kesi

Askofu Mkuu Alexander Christie, mchungaji wa Wakatoliki wa Oregon, aliamua kwamba vita hivyo vipiganwe mahakamani. Masista wa Majina Matakatifu walifungua shauri dhidi ya Gavana Pierce na viongozi wenzake. Shule ya kijeshi ya wavulana iitwayo Hill Military Academy, isiyokuwa ya dini yoyote, nayo ilifungua shauri lake. Tarehe 31 Machi 1924 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho waliwapa walalamikaji ushindi na kuizuia sheria isitumike. Serikali ya jimbo ikakata rufaa.

Rufaa ilisikilizwa mjini Washington tarehe 16 na 17 Machi 1925, masista wakitetewa na mawakili William D. Guthrie na J. P. Kavanaugh. Wakatoliki hawakusimama peke yao. Kamati ya Wayahudi wa Marekani, kwa kalamu ya wakili Louis Marshall, iliwasilisha hoja za kuwaunga mkono. Waadventista wa Sabato na Waepiskopali walifanya vivyo hivyo. Walitambua kwamba mlango ukifungwa kwa jirani leo, kesho utafungwa kwao. Askofu Mkuu Christie hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Alifariki dunia tarehe 6 Aprili 1925, majuma manane kabla ya hukumu.

Hukumu ilisomwa tarehe 1 Juni 1925, na majaji wote walikubaliana. Aliyeiandika, Jaji James McReynolds, hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa mtu wa upole: historia inamkumbuka kwa chuki yake ya wazi dhidi ya Wayahudi, hata jaji mwenzake Louis Brandeis. Mwenyezi Mungu hutumia vyombo anavyovikuta.

Mahakama haikukana mamlaka ya serikali. Ilikiri kwamba serikali yaweza kuzikagua shule zote, kuwadai walimu wawe na mwenendo mwema, na kuagiza yafundishwe mambo yaliyo ya lazima kwa raia mwema. Lakini ilisema kwamba serikali haina uwezo wa kuwafinyanga watoto wote katika umbo moja kwa kuwalazimisha wapokee elimu kwa walimu wa umma peke yao. Mtoto, ilisema, si kiumbe cha dola tu. Wanaomlea na kuyaongoza maisha yake wana haki, iliyofungamana na wajibu mkubwa, ya kumwandaa kwa majukumu yatakayomkabili.

Sikilizeni vizuri: haki iliyofungamana na wajibu. Mahakama haikuvitenganisha viwili hivyo.

Haki isiyoandikwa

Hapa ndipo panapoanza mjadala ambao wahafidhina wa Marekani wanaendelea nao hadi leo, na unatuhusu sisi waamini kuliko tunavyodhani. Ukiisoma Katiba ya Marekani tangu mwanzo hadi mwisho, hutaona neno “mzazi”, wala neno “elimu”. Majaji wa mwaka 1925 waliipata wapi haki hiyo?

Wengi hudhani masista walishinda kwa hoja ya uhuru wa dini. Sivyo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa dini, wakati ule yalihesabiwa kuwa yanalibana Kongresi tu, si majimbo. Ulinzi huo wa dini ulielekezwa rasmi kwa majimbo mwaka 1940. Majaji waliegemea Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868, yaliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hasa kwa ajili ya kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Marekebisho hayo yanakataza jimbo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki wa kisheria. Kwa msingi huo mahakama ilizilinda kazi na mali za shule, na katika neno “uhuru” ikaiona haki ya mzazi kulea. Miaka miwili kabla, mwaka 1923, ilikuwa imekwisha kuifungua njia hiyo ilipomtetea mwalimu Robert Meyer wa Nebraska, aliyetozwa faini kwa kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani katika shule ya Kilutheri.

Hukumu ilikuwa njema. Lakini mlango huo mpana walipita wengine baadaye. Mwaka 1965 mahakama ileile ilizitaja hukumu hizo mbili ilipotangaza haki ya faragha katika matumizi ya vidhibiti mimba. Tarehe 22 Januari 1973, katika kesi ya Roe, ilizitaja tena ilipotangaza haki ya kutoa mimba. Tazameni msiba huo, ndugu zangu: maneno yaliyomwokoa mtoto asiwe kiumbe cha dola yaliwekwa miongoni mwa nguzo za hukumu iliyomwacha mtoto bila ulinzi tumboni mwa mama yake.

Ndiyo maana baadhi ya wahafidhina waliingiwa na mashaka. Mashuhuri kati yao ni Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki na baba wa watoto tisa, aliyefariki mwaka 2016. Mwaka 2000, katika kesi iliyohusu haki ya mama dhidi ya babu na bibi waliotaka kuwatembelea wajukuu, Scalia aliandika peke yake kwamba haki ya wazazi kuongoza malezi ni miongoni mwa zile haki zisizoondosheka zinazotajwa na Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Hata hivyo, alisema, Katiba haikumpa jaji uwezo wa kufuta sheria kwa jina la haki isiyoandikwa. Hoja kama hiyo, kwa maoni yake, apelekewe mbunge na mpiga kura. Aliogopa kwamba jaji akiruhusiwa kuchuma haki asizozikuta katika maandishi, leo atachuma nzuri na kesho atachuma mbaya.

Hoja hiyo ni nzito. Lakini Oregon inaijibu. Ile sheria ya 1922 haikutungwa na mfalme, wala haikutungwa na majaji. Ilipigiwa kura na wananchi wenyewe. Masista wangeambiwa wangoje uchaguzi ujao, huenda madarasa yangekuwa matupu kabla ya kuhesabiwa kura. Basi anayemtumaini jaji pekee akumbuke mwaka 1973, na anayemtumaini mpiga kura pekee akumbuke mwaka 1922.

Wahafidhina wengine walitafuta njia ya katikati, ambayo mahakama iliifafanua mwaka 1997, ilipokataa kutangaza haki ya kusaidiwa kujiua. Haki isiyoandikwa yaweza kulindwa ikiwa imetia mizizi mirefu katika historia na mapokeo ya taifa. Kwa kipimo hicho, tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, mahakama iliifuta hukumu ya Roe na kulirudisha suala la utoaji mimba kwa wananchi na wabunge wao. Jaji Samuel Alito, aliyeiandika hukumu hiyo, alieleza kwamba utoaji mimba ni tofauti na mambo ya hukumu zile nyingine, kwa sababu unaharibu uhai.

Kwa maoni yangu, njia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa haitoshi. Haki ya mzazi haina nguvu kwa kuwa ni ya kale tu. Hata utumwa ulikuwa wa kale. Ina nguvu kwa sababu inatoka katika maumbile yenyewe. Baba na mama walikuwapo kabla ya katiba yoyote kuandikwa, na wamewekwa na Muumba kuwa walezi wa uhai waliopewa. Haki ya kulea haiwezi kamwe kuzaa haki ya kuua, kwa kuwa haki hiyo ipo kwa ajili ya mtoto. Ukiikata ile kamba inayoiunganisha na wajibu, haibaki kuwa haki ya mzazi. Inageuka kuwa nguvu za mkubwa juu ya mdogo.

Sauti ya Kanisa

Papa Pius XI aliiona thamani ya hukumu ya Oregon. Katika waraka wake juu ya malezi ya Kikristo ya vijana, wa tarehe 31 Desemba 1929, aliitaja hukumu hiyo kama ushuhuda kwamba hata sheria ya taifa imekiri haki ya familia. Ilikuwa ni miaka ambayo Mussolini alikuwa akiwadai vijana wote wa Italia wawe mali ya dola, na hatari ilikuwa mlangoni mwa Papa. Kile masista walichokitetea Portland, yeye alikihitaji Roma.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia fundisho hilo. Shule husaidia, serikali husaidia, Kanisa nalo hulea kama Mama na Mwalimu. Hiyo ndiyo kanuni ya auni: mkubwa amsaidie mdogo kutimiza kazi yake, asimpokonye.

Mjadala wa Marekani haujafika mwisho. Tarehe 27 Juni 2025, miaka mia moja na siku chache baada ya ushindi wa masista, mahakama ileile ilitoa hukumu juu ya wazazi wa wilaya ya Montgomery, jimboni Maryland. Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walisimama pamoja kudai wajulishwe na waruhusiwe kuwatoa watoto wao darasani wakati wa kusomwa vitabu vya hadithi vilivyofundisha juu ya ndoa na jinsia kinyume cha imani zao. Majaji sita dhidi ya watatu waliwakubalia ulinzi huo wakati shauri lao likiendelea, safari hii kwa msingi wa uhuru wa dini. Watoto hao walikuwa katika shule za umma. Maana yake ni kwamba mzazi hapotezi haki yake mtoto anapovuka lango la shule.

Kwetu sisi

Nanyi mwaweza kuniuliza: Padre, Oregon na sisi wapi na wapi? Wazee wetu wanakumbuka kwamba hapa Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizitwaa shule za madhehebu. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki na mwalimu wa shule ya Pugu, hakufanya hivyo kwa chuki ya dini. Alitaka mtoto wa kila dini apate nafasi sawa, na ni kweli kwamba watoto wengi Waislamu walikuwa wameachwa nyuma. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa, na masomo ya dini yaliendelea kuwa na nafasi shuleni. Kwa hiyo si haki kumfananisha na watu wa Klan. Hata hivyo jambo moja linafanana: wazazi walizoea kufikiri kwamba elimu ni kazi ya serikali. Miaka ya baadaye milango ilifunguliwa, Kanisa likajenga shule tena, nasi tukafurahi. Lakini mazoea yale hayakufutika. Tulibadilisha tu jina la anayetubebea mzigo. Jana ilikuwa serikali, leo ni shule ya bweni ya masista.

Hapa ndipo ninapomrudia baba yetu wa mlangoni. Mpendwa wangu, hakuna gavana aliyekunyang'anya mwanao. Hakuna sheria inayokutishia jela kwa kumfundisha sala. Kile ambacho wahamiaji maskini wa Marekani walilipa mara mbili ili wasikipoteze, na ambacho masista walikipeleka mpaka Washington, wewe unataka kukitoa bure, tena kwa kuchoka tu. Uchovu wako naujua. Najua saa unayoondoka nyumbani na saa unayorudi. Lakini ada ni sehemu ya wajibu wako, haiununui wote. Mwalimu anaweza kukusaidia kulea. Hawezi kuwa baba.

Nakuomba mambo matatu madogo. Kaa mezani na mwanao hata siku tatu kwa juma, simu zikiwa zimezimwa. Fungua madaftari yake, uone anafundishwa nini na nani. Na umlete mwenyewe kwenye mafundisho ya Kipaimara Jumamosi hii, usimtume peke yake. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, nanyi mtusaidie: mkimwona mzazi amelemewa, msimseme barabarani, nendeni nyumbani kwake.

Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Mtoto Yesu alivyobaki hekaluni akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alikuwa katikati ya walimu bora wa taifa lake, mahali patakatifu kuliko pote. Maria na Yosefu wangeweza kusema: yuko na walimu, yuko hekaluni, atatunzwa. Hawakusema hivyo. Walirudi njia nzima, wakamtafuta siku tatu kwa uchungu. Naye, ambaye kwanza ni wa Baba yake wa mbinguni na aliwakumbusha hilo, alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii.

Mtoto ni wa nani, basi? Ni wa Mungu, na Mungu amemkabidhi kwako. Shule, Kanisa na serikali tutakushika mkono. Lakini siku ya hesabu Mungu hataanza kumwuliza mwalimu mkuu. Ataanza na wewe, kama atakavyoniuliza mimi juu yenu.

Masista wa Majina Matakatifu watuombee. Mwenye Heri Marie-Rose Durocher, utuombee. Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi Paroko wenu.